Kwa nini Waingereza hawakuleta nyambizi kwenye Ziwa Tanganyika?



Mdogo wangu yuko mwaka wa pili wa ufundi wa mashine. Wakati wa likizo alikaa uwanjani jioni moja, simu mkononi, akaangalia video ya nyambizi za Waingereza za wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Alipomaliza akaniuliza: “Yaya, sasa Bangereza balikuwa na sous-marin, juu ya nini habakuleta hata moja huku kwetu? Ingezamisha Götzen siku moja tu, vita iishe.”

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Niko na diplome ya ufundi, na sikuwa na jibu. Nilianza kusoma, na jibu nililolipata lilinirudisha kwenye mashine ya kukoboa mpunga ambayo baadhi yenu mnaijua, ile iliyolala kando ya balabala siku kumi na saba kwa kosa langu. Nitaifikia. Tuanze na ziwa.

Mnamo Agosti 1914 Wajerumani walikuwa ng'ambo, Kigoma na Usumbura (ndiyo Bujumbura ya leo), na Wabelgiji walikuwa upande wetu. Katika mwezi huo huo wa kwanza wa vita, meli ndogo ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilivuka hadi mdomo wa mto Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie, ikaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, hadi ikashindwa kufanya kazi. Tangu siku hiyo ziwa lote, kilomita zaidi ya 650 kutoka Uvira hadi Zambia, likawa la Wajerumani. Walikuwa na Hedwig, karibu tani 60, na Kingani iliyokuwa ndogo zaidi. Mwaka 1915 wakaongeza mnyama mkubwa: Graf von Götzen, meli ya mita 70 hivi. Anayeshika ziwa anaweza kuhamisha askari wake usiku mmoja, wakati adui anatembea kwa miguu wiki nzima kuzunguka milima. Ndiyo maana kule London watu walianza kuumiza kichwa kwa ajili ya maji ambayo wengi wao hawakuwahi kuyaona.

Sasa nyambizi. Waingereza walichelewa kuingia katika biashara hiyo, na wakubwa wengine wa jeshi lao la majini waliidharau, wakiona ni silaha ya mtu mwoga anayejificha. Ya kwanza, Holland 1, iliingizwa majini Oktoba 1901 kwenye kiwanda cha Vickers, mji wa Barrow. Mchoro haukuwa wao. Ulikuwa wa John Philip Holland, mtu wa Ireland aliyehamia Marekani, na Waingereza walilipia haki ya kuutumia. Ilikuwa na urefu wa mita zisizofika 20, uzito wa tani zaidi ya 100, watu 8 ndani, na mdomo mmoja wa kurushia topido.

Namna inavyofanya kazi ni jambo zuri sana, na mwanafunzi wa fizikia wa sekondari anaweza kulielewa. Chombo kinaelea kwa sababu kinasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Huyo ni Archimedes tu. Nyambizi ina matangi matupu. Ukifungua maji yaingie, inakuwa nzito na kuzama. Ukiyatoa yale maji kwa hewa iliyobanwa, inapanda. Lakini ufundi wenyewe uko katikati: ikiwa chini, inapaswa kuwa karibu sawa kabisa na uzito wa maji inayoyasukuma. Ikizidi kidogo, inaendelea kushuka. Ikipungua kidogo, inachomoza juu kama boya, na adui anaiona.

Injini nayo ni shida ya pili. Injini ya kuchoma mafuta inataka hewa, na chini ya maji hewa haipo. Basi juu ya maji Holland 1 ilitumia injini ya esanse. Chini ilitumia mota ya umeme na betri, na betri zilichoka baada ya saa chache. Zikiisha ilibidi kupanda juu, kuwasha injini na kuchaji tena. Nyambizi za wakati ule hazikuwa samaki, zilikuwa boti zinazoweza kujificha kwa muda mfupi.

Na esanse ndani ya chumba kilichofungwa, jamani! Mvuke wake unajaa, cheche moja ya mota inatosha. Baada ya zile Holland tano Waingereza walitengeneza aina ya A. A1 ilizama Machi 1904 kwa kugongwa na meli ya abiria, watu wote 11 wakafa. A5 ililipuka Februari 1905 huko Ireland kwa sababu ya mvuke wa esanse. Kila kifo kilibadilisha kitu kwenye mchoro. Zikafuata aina ya B, kisha C, nyambizi 38 za mita 43 hivi, bado za esanse. Halafu D1, iliyoingizwa majini mwaka 1908: injini za mazutu badala ya esanse, mafuta yasiyowaka ovyo, pangaboi mbili, na sehemu kubwa ya matangi ya maji ikawekwa nje ya mwili wa chombo ili ndani watu wapumue. Kutoka hiyo wakapata aina ya E, mita 55, zaidi ya tani 600, watu kama 30. Mwaka 1915, wakati Götzen inaanza kazi Kigoma, nyambizi E11 na E14 zilikuwa zinapita chini ya mabomu ya Waturuki huko Dardanelles na kuzamisha meli karibu na Istanbul. Kwa hiyo mdogo wangu hakukosea. Chombo kilikuwepo, tena kizuri.

Sasa kilete Uvira.

Chukua ile ndogo kuliko zote, Holland, tani 100. Reli ya kutoka Afrika Kusini ilikuwa imepita Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, na mwisho wake ulikuwa Fungurume. Baada ya hapo ni pori na milima ya Mitumba. Hakuna gari, hakuna trekta wala daraja la wakati ule katika Katanga ambalo lingebeba tani 100. Utasema: ikatwe vipande. Meli ya kawaida inakatika, lakini mwili wa nyambizi si sanduku. Unabanwa na maji pande zote, na kila msumari wa kuunganisha ukikaa vibaya ni mahali pa kuvujia. Kuuunganisha upya kunataka kiwanda. Lukuga ya 1915 haikuwa na hata gati la maana.

Tuseme imefika kwa muujiza. Ilichorwa kwa ajili ya bahari, na maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa karibu asilimia 2.5. Kwa chombo kinachosukuma tani 120 za maji kikiwa chini, hiyo ni tofauti ya tani 3. Maana yake kwenye Tanganyika ile nyambizi ingekuwa nzito kupita kiasi kwa tani 3, na ingebidi kuitoa vitu vya uzito huo kabla haijathubutu kuzama. Na ikizama vibaya? Baharini karibu na Uingereza mara nyingi wangeweza kutua kwenye mchanga na kusubiri. Nyambizi za mwanzo zilipangiwa kina cha mita 30 hivi. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na mahali pengi ukiacha ufuko kidogo tu mlima unaendelea kushuka chini ya maji kama unavyoshuka juu ya Uvira. Hakuna pa kutua.

Ongeza topido zenyewe, na mitambo ya kuzijaza hewa, asidi ya betri, vipuri, mafundi. Kila nyambizi ya Waingereza ilikuwa na meli mama au bandari nyuma yake. Ukiangalia picha unaona nyambizi peke yake, inapendeza. Hauoni kiwanda kinachoifuata.

Nisiwadanganye: Waingereza waliwahi kupitisha nyambizi ndani ya nchi kavu, kwa namna yao. Mwaka 1916 walitaka kupeleka nne za aina ya C kwenye Bahari ya Baltiki, na Wajerumani walikuwa wamefunga mlango. Wakazivuta hadi Arkhangelsk kaskazini mwa Urusi, wakazipakia juu ya majahazi, zikapita kwenye mito na mifereji mpaka Kronstadt. Zilifika. Lakini kule mito ilikuwa inaelekea wanakotaka, mifereji imechimbwa zamani, na mwisho wa safari kuna bandari ya kijeshi. Kwetu njia ilikuwa Mitumba.

Kilichokuja kwetu ni nini basi? Aprili 1915 mwindaji wa tembo, John Lee, alikwenda kwenye wizara ya jeshi la majini London na wazo lake: leteni boti ndogo zenye injini, za mwendo mkali, kwa reli na kwa pori. Jeshi likachukua boti mbili za Thornycroft zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya Wagiriki. Urefu ni mita 12, mwili wa mbao ya mahogani wenye unene wa milimita 10 hivi, injini mbili za esanse za nguvu ya farasi 100 kila moja, na mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa. Mbele wakaweka mzinga mdogo, nyuma bunduki ya mashine. Mbao ya milimita 10! Risasi ya kawaida inapita. Na mzinga ulikuwa na kishindo kikubwa kuliko boti, ulipaswa kupigwa ukielekea mbele tu, la sivyo unaipasua boti yako mwenyewe. Kwa mhandisi wa nyambizi hiki ni kichekesho. Lakini mtu wa 1915 aliyeangalia balabala kwanza na adui baadaye angechagua hicho hicho.

Kiongozi wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majivuno mengi ambaye kazi yake haikuwa imeenda vizuri. Jambo moja lilinishangaza: Novemba 1914, karibu na pwani ya Deal, manowari Niger iliyokuwa chini yake ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani. Huyu ndiye aliyetumwa kwenye ziwa ambapo nyambizi haiwezi kufika. Alitaka boti zake ziitwe Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akarudi na Mimi na Toutou, majina ya utani ya Kifaransa ya wanyama hao hao, wakakubali bila kujua.

Walipanda meli Juni 1915, watu 28 hivi, wakafika Cape Town Julai, na mwanzoni mwa Agosti boti zikashushwa Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia, ambapo reli nyingine inaanza, ni kilomita 235. Zilichukua wiki sita. Kila boti juu ya kitanda chake cha magurudumu, mbele trekta ya mvuke, na penye mlima trekta ikishindwa, ng'ombe, na ng'ombe wakishindwa, watu. Madaraja zaidi ya mia yalijengwa kwa miti iliyokatwa hapo hapo, maana yaliyokuwepo, kama yalikuwepo, yalikuwa ya mpita njia. Matrekta yalihitaji maji, na ukame ulikuwa umekausha vijito, basi wanawake wa vijiji walibeba maji kichwani kutoka mbali ili mashine ya mzungu inywe. Kisha reli hadi Bukama, kisha mto Lualaba uliokuwa na maji machache, boti zikikwama kwenye mchanga mara kwa mara, kisha Kabalo, kisha reli tena. Mwisho wa Oktoba 1915 zilikuwa Lukuga.

Hapa nina neno langu. Vitabu vinataja jina la kila ofisa wa Kiingereza, hata yule aliyeugua njiani. Waliokata miti na kuvuta kamba wanaitwa “wabebaji”, kwa mamia, basi. Mtu akiandika TFC yake ya historia juu ya vita hii, naomba asiishie kwenye Spicer-Simson na majivuno yake. Bila yale madaraja Mimi na Toutou ni mbao za kuchoma ndani ya pori la Katanga.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi kuliko safari. Boti ziliwekwa majini tarehe 22 na 23 Desemba. Asubuhi ya tarehe 26 Kingani ilipita mbele ya Lukuga. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, na zile boti mbili zikaikimbilia kutoka nyuma. Chini ya robo saa nahodha wake alikuwa amekufa na meli imetekwa. Wakaipa jina la Fifi, wakaigeuza yao. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Ikabaki Götzen. Spicer-Simson alipoiona kwa macho yake hakuishambulia. Wengi wamemcheka kwa hilo, mimi siwezi. Mbao ya milimita 10 mbele ya meli ya chuma yenye mzinga wa milimita 105, uliotolewa kwenye manowari Königsberg! Hajui kwamba baadaye Wajerumani watauondoa ule mzinga kuupeleka kwa jeshi la nchi kavu, na kuweka wa mti ili kutisha watu. Waliokwenda kuipiga ni Wabelgiji, kwa ndege za maji. Waingereza waliwapa nne, nazo zikaja kwa vipande kama boti, zikaunganishwa karibu na ziwa, na Juni 1916 zikadondosha mabomu Kigoma. Mwezi huo huo askari wa Force Publique walivuka Ruzizi, mto wetu huu, wakaingia Usumbura. Wajerumani walipoona nchi kavu inaponyoka wakaizamisha Götzen wenyewe, tarehe 26 Julai 1916. Lakini kwanza mafundi walipaka injini grisi nzito, kila mahali.

Na hapa ndipo nilipojiona mjinga, maana Götzen ndiyo ilikuwa somo la mashine yangu. Ile meli ilichorwa Papenburg, Ujerumani, na fundi aliyejua tangu mstari wa kwanza kwamba itasafiri ndani ya masanduku. Waliiunganisha kule kule, wakaifungua tena, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, ikaenda kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli mpya hadi Kigoma, ikafungwa upya kwa misumari na kuingizwa majini Februari 1915. Kila kipande kilikuwa na kipimo cha gari la reli.

Mimi nilichora nini? Ushirika wetu hapa Lubarika ulikusanya pesa misimu miwili ili tukoboe mpunga wenyewe badala ya kuupeleka kwa magunia hadi kwa wengine. Baba mkubwa aliuza ng'ombe. Nikachora fremu moja nzuri ya chuma, urefu wa mita tatu na nusu, injini ya mazutu na kinu vyote juu yake, vimechomelewa imara. Fundi wa Uvira aliichomelea kama nilivyotaka. Kamio ikaileta kwenye balabala kubwa vizuri kabisa. Kwenye daraja la miti la kuingia kwetu dereva akashuka, akatazama magogo, akatazama mzigo, akasema: “Hapa mimi sipite.” Siku kumi na saba. Tulilipa mlinzi, tulilipa turubai, mvua ikanyesha, na watu wakipita wakiniita injinia kwa sauti ambayo mnaijua. Mwishowe tulikodi chalumeau, tukaikata fremu yangu vipande vitatu, vijana wakavibeba begani. Tulipoichomelea upya haikukaa sawa tena. Mpaka leo mkanda wa injini unaruka kila baada ya gunia la nane au la tisa, na baba mkubwa hasemi kitu, anainuka tu na kuurudisha.

Nilimweleza mdogo wangu haya yote jioni ya pili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza Götzen iliishia wapi. Nikamwambia Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakafuta ile grisi, wakakuta injini zinafaa. Tangu 1927 inaitwa Liemba, na mwaka 1997 ilikuwa inarudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma. Akachukua daftari, akaniomba vipimo vya fremu. Anataka kuichora upya kwa boliti, vipande vinne, kila kimoja kisizidi kilo 80. Nimemwambia aanze kwa kwenda kupima yale magogo.